Sarafu Niliyoifuta Kovu

Pengo hili la mbele, la juu upande wa kulia, wajukuu zangu wamelizoea. Huniuliza kwa Kiingereza jino lilikwenda wapi, nami huwajibu kwa Kiswahili kwamba nililiuza, wakacheka, wakarudi kwenye simu zao. Binti yangu hacheki. Yeye anafanya kazi kwa daktari wa meno, na mtu afanyaye kazi kwa daktari wa meno halafu babake akaonekana msikitini na mdomo kama mlango uliong'olewa bawaba, hiyo ni aibu, sikatai. Amenitengenezea jino la bandia, zuri, linafanana na wenziwe. Liko ndani ya kikopo juu ya friji tangu theluji ilipoyeyuka. Sijalivaa. Nitaeleza kwa nini, ila nitazunguka kidogo, maana mimi shule niliacha darasa la tatu na njia za mkato sikufundishwa.

Mimi ni sonara. Fundi wa fedha, si wa dhahabu. Nilizaliwa bara, kaskazini ya Lamu, kijiji ambacho ukitembea ufukweni nusu siku unafika mpakani na Somalia. Wakati wa shifta nilikuwa na miaka minane hivi. Watu wenye bunduki walitaka ardhi ile iwe upande wa kule, serikali ikataka iwe upande wa huku, na sisi tuliokuwa tukilala juu yake hakuna aliyetuuliza neno. Walikuja alasiri, wanaume sita. Bibi yangu alikuwa na mafurungu mawili ya fedha miguuni, aliyovishwa siku ya harusi yake, na tangu hapo miguu ikanenepa, yakawa hayavuliki. Wakamwambia vua. Akasema hayavuliki. Mmoja wao, kijana mwenye kovu jichoni, akachukua panga letu wenyewe lililokuwa mlangoni. Sitasema yote. Nitasema tu kwamba mguu wa kwanza aliupiga mara tatu, na wa pili mara moja, kwa kuwa alikuwa ameshajifunza.

Bibi hakufa siku ile. Alikufa siku ya tano. Na muda wote ule, akipiga kelele na akinyamaza, alikuwa na riale moja, sarafu ya fedha ya zamani, mdomoni, ubavuni mwa shavu, nao hawakuijua. Walipokwisha kwenda aliitema kiganjani mwangu, ikiwa imejaa damu.

Tukakimbilia Lamu mjini. Mama akaipeleka ile riale kwa sonara, si kuiuza, ila kuisafisha kulimshinda. Kila akiiosha aliona bado ina damu. Yule mzee akaichemsha na ukwaju, akaisugua kwa jivu, akaifuta kwa kitambaa, akamrudishia ikiwa nyeupe kama mbalamwezi. Mama aliitazama akalia, na usiku ule alilala kwa mara ya kwanza. Mimi nikasema hii ndiyo kazi nitakayofanya. Hapo ndipo nilipoachia shule.

Fundi wangu alikuwa mtu wa swala tano na koleo moja. Kanuni yake ilikuwa hii: fedha ya mtu ikiingia dukani ni amana, na amana hairudi na uchafu. Ukikubali kumrudishia mteja bangili ina doa jeusi, au mkwaruzo ambao ungeweza kuufuta ukaona uvivu, alilitia koleo motoni, akakushika mkono, akakugusisha. Ninazo alama tatu hapa chini ya kiwiko. Ya tatu niliipata kwa mkufu wa mjomba wake mwenyewe. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa nazo saba, akaishia kuwa mpishi. Sikumchukia fundi. Siku alipokufa mimi ndiye niliyemwosha, na nilimsugua kama fedha.

Sasa nije huku ughaibuni, nchi ya theluji. Nilimfuata binti yangu baada ya mama yake kufariki. Miaka miwili ya kwanza nilisukuma maboksi kwenye ghala moja katika mji wa Eagan, mpaka mgongo ukasema basi. Kisha wakanunua nyumba mji wa Champlin, karibu na mto, na mkwe wangu, ambaye ni dereva wa trela na nyumbani ni mgeni, akanipa nusu ya garaji. Nikaweka fuawe langu la kugongea fedha, nyundo, tindo ya kuchongea, tupa, mtungi mdogo wa gesi, na jiwe la akiki la kusugulia pamoja na koleo, ambavyo nilivirithi kwa fundi. Kina mama wa Pwani na wa Kisomali huniletea bangili zilizokatika. Sitajiriki. Lakini mkono ukikaa bure unakufa kabla yako.

Jirani yangu wa kushoto ni Mzungu wa miaka themanini na kitu. Kazi yake ilikuwa kuchinja ng'ombe kwenye kiwanda cha nyama, miaka thelathini na zaidi, na vidole viwili vya mkono wa kushoto aliviacha hukohuko. Alikuja siku ya kwanza kuuliza moshi unatoka wapi. Kesho yake akaja na kahawa yake. Siku ya tatu nikampa kahawa yangu, yenye tangawizi, akakohoa mpaka akashika ukuta, na tangu hapo hakukosa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mikono yangu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, chake ni cha kutafuna, lakini watu wawili waliozoea visu hawahitaji maneno mengi.

"Siku moja utaichoma nyumba hii," aliniambia.

"Yangu ikiungua na yako itaungua," nikamwambia. "Tutahamia Blaine, kwa yule ndugu yako uliyewahi kumtaja."

Hakucheka. Ndipo nilipojua kuna jambo, maana kwa kawaida ni mtu wa kucheka.

Nikaja kuelewa kidogo kidogo. Ana mdogo wake mmoja tu, aliye Blaine, dakika ishirini kwa gari, na hawajasemezana tangu wamzike mama yao. Siku ile ya mazishi walipigana palepale kaburini, udongo haujakaa. Mkubwa akamvunja mdogo pua, na mdogo akamwangusha mkubwa juu ya jiwe la kaburi la mtu mwingine kabisa. Walichogombania ni sarafu moja ya fedha. Wazee wao waliivusha bahari kutoka nchi yao, na nchi yenyewe haipo tena. Ilikuwa kinchi kati ya Denmaki na Ujerumani, chenye mwinyi wake, mtawala mdogo chini ya mfalme. Kiliitwa Schleswig, jina ambalo hata nilipokuwa na meno yote lilinishinda. Mfalme huyu anasema pangu, mfalme yule anasema pangu, watu wanakufa katikati.

"Hata mimi natoka mahali kama hapo," nilimwambia.

Akanitazama. "Basi unajua," alisema, akanywa kahawa yake. Hakuendelea, nami sikuuliza. Laiti ningeuliza.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ya kukata masikio, alikuja na koti la kutokea. Alikuwa anakwenda kupasuliwa kifua. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa linanguruma barabarani. Akatoa mfukoni leso imefungwa fundo.

"Niwekee hii," alisema. "Mdogo wangu akisikia nimelazwa atavunja mlango wangu."

"Nikishaiweka mimi, hata wewe ukirudi bila akili sikupi."

"Na nikifa?"

"Nitakuzika nayo."

"Hapana. Itupe mtoni. Lakini yeye usimpe."

"Sitampa."

"Hata akikupiga?"

"Mimi nimeshapigwa na watu wanaojua kupiga."

Akacheka, akashika kifua. Nikaweka mkono wangu wa kulia moyoni nikamwambia hii ni amana. Neno hakulijua, ila mkono aliuelewa. Akaenda.

Nilifungua leso. Sarafu ilikuwa na upana wa kifuniko cha soda, nzito kuliko inavyoonekana, nyeusi kama chungu. Upande mmoja simba wawili wanatembea. Upande wa pili uso wa yule mwinyi, nywele za bandia mpaka mabegani, mashavu ya mtu ambaye hajawahi kukosa chakula. Na usoni pale, kuanzia sikioni kushuka shavuni mpaka pembe ya mdomo, kulikuwa na mkato. Mrefu, umeingia ndani, kingo zake zimeinuka. Nikasema moyoni, tazama, mtoto mtundu aliichezea na msumari, na katika ukoo mzima hakupatikana fundi wa kuitengeneza.

Nani angenizuia? Nilikuwa na furaha kama bwana harusi. Ukwaju nilikuwa nao, jivu nikachota kwenye kuni alizonipa jirani mwenyewe. Nikaichemsha, nikaisugua, weusi ukaondoka, simba wakatoka wamesimama kama waliozaliwa jana. Kisha nikaushika ule mkato. Nilirudisha kingo ndani kwa jiwe la akiki, polepole, nywele kwa nywele. Penye kina nikayeyusha punje ya fedha nikapajaza. Nikasugua tena. Siku mbili nzima. Nilipomaliza, mwinyi alikuwa na shavu kama la mtoto aliyenyonya akashiba. Nikaitazama nikasema, fundi, uko wapi uione. Katika maisha yangu sijafanya kazi safi kuliko ile.

Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nikichomelea bangili, mlango wa garaji nimeufungua nusu ili gesi itoke. Miguu ikasimama nje, mtu akainama, akaingia. Mzee mkubwa wa mwili, miaka yake sabini na kitu, koti jekundu, nyonga moja mbovu, pua imepinda. Pua ilinitosha kumtambua.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Kwa kaka yangu nimeshaingia. Haimo."

Kuingia kwake maana yake alivunja dirisha la nyuma, niliona baadaye.

"Sijui unachotafuta," nilisema.

"Unajua. Mtaa mzima unasema yuko hapa kila siku kama mke wako. Angempa nani mwingine?"

Akaanza na meza. Aliipindua nzima, bangili za watu zikatawanyika chini, nyingine zikaingia chini ya mashine ya kufulia. Akavuta droo akazimwaga. Sarafu ilikuwa kwenye kijaluba rafuni, nyuma yangu. Alipoinama kwenye droo ya pili, mkono wangu ulifanya jambo ambalo sikuuagiza. Ulichukua sarafu ukaitia mdomoni, ubavuni mwa shavu.

Wallahi sikufikiri. Miaka sitini na zaidi imepita, na mdomo wangu ulikuwa unakumbuka.

Akainuka, akanitazama. Shavu langu moja lilikuwa kama la mtu mwenye jipu.

"Tema."

Nikatikisa kichwa.

Akanipiga ngumi ya sikio. Si ngumi ya mzee. Niliona nyeupe, nikashika fuawe nisianguke, na mkono wa pili ukakutana na nyundo. Nikampiga goti. Nitasema kweli kwa sababu uongo katika umri huu ni mzigo: nilifurahi. Goti lake lilipolia chini ya nyundo nilisikia raha ambayo sikuijua tangu nizaliwe. Sikuwa nikimpiga yeye. Nilikuwa nikimpiga mtu mwingine, aliyesimama mlangoni kwetu na panga letu, na nikampiga tena palepale.

Akanguruma akaniangukia. Akanibana na ukuta, akanishika taya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaokota koleo langu. Koleo la fundi wangu, lile lile. Akalipenyeza katikati ya midomo kama mtu anayefungua chaza. Nikauma chuma. Akapinda. Jino likavunjika kwa sauti ya kuni kavu, damu ikajaa, nikalimeza. Jino nililimeza, sarafu sikuimeza.

Mrija wa gesi ulikuwa bado unawaka kwenye ndoano yake. Nikanyoosha mkono, nikaushika mrija, nikamwekea moto juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Sikumgusisha kama fundi alivyotugusisha sisi. Nilimwekea. Harufu ya nywele na nyama ikatoka, akapiga ukelele, akanisukuma, akateleza kwenye maji ya theluji aliyoingia nayo kwenye viatu vyake. Akanivuta koti. Tukaenda chini wote wawili. Mrija ulianguka upande wa pili ukazimika wenyewe, Mola ana huruma na wajinga.

Sasa, wazee wawili wakianguka juu ya sementi, vita vimekwisha, wapende wasipende. Mimi mgongo ulikuwa umekatika. Yeye nyonga ilikataa na goti lilikataa. Alijaribu kuinuka mara mbili akarudi chini kama gunia. Mimi nilijaribu mara moja ikanitosha. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, na baridi ya Januari haina adabu kwa mtu aliyelala.

"Nisaidie nisimame nikuue," alisema.

"Nisaidie mimi kwanza," nilisema, maneno yakitoka na damu.

Tukalala. Nilikuwa nashindwa kupumua, damu inashuka kooni na sarafu imeziba njia. Nikaitema kiganjani. Nikafumba kiganja, ila alikuwa ameshaiona ikimeta.

"Nionyeshe," alisema. "Siichukui. Siwezi hata kukufikia. Nionyeshe tu."

Nikaipangusa kwa shati langu, nikaishika mbele yake, uso wa mwinyi ukimtazama. Akavuta shingo aione vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikudhani anayo:

"Mkato uko wapi?"

"Nimeutengeneza," nikasema. Na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno, na damu yote ile.

Akaanza kucheka. Kicheko kibaya, kama mtu anayetapika. Akasema sarafu za mwinyi yule ni chache duniani, kwa sababu mfalme aliyemnyang'anya nchi alizikusanya akaziyeyusha. Akasema kuna mtu mwenye duka la sarafu aliyekuwa akiitaka, hata na mkato wake, ila iwe nyeusi vilevile ilivyotoka kwenye miaka yake. Sarafu iliyosuguliwa watu wale hawaitazami mara mbili.

"Umeiua," alisema. "Nimekuja kuiiba, na sasa siitaki."

"Basi kaka yako atafurahi. Itabaki kwake."

"Mjinga wewe. Kaka yangu hakutaka sarafu. Alitaka ule mkato. Uliwekwa na baba wa babu yetu, kwa mkono wake."

Baridi iliyonishika hapo haikutoka mlangoni. Nilikuwa nimelala chini, nimepoteza jino, nimemchoma binadamu mwenzangu kama mbuzi, yote hayo nikilinda amana, na amana nilikuwa nimeshaiharibu mwenyewe siku mbili kabla, kwa ukwaju.

Binti yangu alirudi kutoka kazini saa kumi. Aliinua mlango wa garaji akatukuta.

"Baba. Ume-fight?"

"Tumepumzika."

"Mdomo wako! Huyu ni nani?"

"Ndugu yake jirani."

"Mna-bleed wote wawili, na mmelala hapa kama viatu." Simu ilikuwa tayari mkononi. "Nina-call polisi."

"Usipige."

"Mwache apige," alisema yule mzee kutoka chini, maana neno polisi alilisikia. "Wakija nitasema nilianguka."

Binti yangu aliniinua mimi kwanza, kisha akamwinua yeye, kwa hasira, kama anayepakia mizigo. Alinijaza pamba mdomoni. Halafu akaketi akamfunga yule mzee bendeji kwenye ule mkono, na hakumwambia neno. Ndivyo mama yake alivyomlea. Yule mtu alisimama mlangoni akanitazama.

"Utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi ningekuwa wewe, ningeomba afie hospitali."

Hakufa. Wiki ya tatu nililiona gari likimleta, amekonda, amekumbatia mto mdogo kifuani kama mtoto mchanga, maana wakishapasuliwa hivyo huambiwa wakikohoa waubane, mshono usifunguke. Ndugu zangu, mimi nimeona panga na nimeona koleo la moto, lakini ule umbali kutoka mlango wangu mpaka mlango wake, hatua arobaini kwenye theluji, ni mrefu kuliko yote niliyotembea.

Alikuwa jikoni, ameketi karibu na dirisha. Nikaweka leso mezani, fundo lilelile.

"Sikumpa," nilisema. "Lakini kabla hujafungua, nimeharibu."

Akafungua. Friji ilikuwa inanguruma. Kidole chake gumba kilikwenda usoni pa mwinyi, palepale, kikapapasa kutoka sikioni mpaka mdomoni, kikarudi, kikapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani katika nyumba aliyokulia.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Hakuna. Kwetu amana hairudi na uchafu."

"Haikuwa na uchafu."

Kisha akanieleza, polepole, akivuta pumzi katikati. Baba wa babu yake alikuwa na ndugu mmoja. Vita vilipokuja, jeshi la huku lilimchukua huyu, na jeshi la kule likamchukua yule. Mwinyi wa kwenye sarafu alikuwa amekufa zamani, ila jamaa za ukoo wake walikuwa bado wanadai ardhi, na kila jeshi lilikuwa na maneno yake juu ya ardhi hiyo. Baada ya mapigano ya siku moja, baba wa babu alimkuta ndugu yake kwenye mtaro, kisu cha bunduki kimebaki tumboni. Mfukoni alikuwa na sarafu hii, ya baba yao. Akakichomoa kile kisu. Kabla hakijakauka akamkata nacho mwinyi uso. Akaapa watoto wake hawatapigana tena kwa ajili ya uso ule.

"Na tukapigana," jirani alisema. "Mimi na mdogo wangu. Juu ya mama." Akaniinulia macho. "Jino lako?"

"Mdogo wako. Na mimi nimemuunguza mkono."

"Upi?"

"Wa kulia."

Akafikiri. "Nilimvunja pua," alisema, "na hiyo pia haikusaidia." Akausukuma mto pembeni. "Unayo ile tindo yako?"

"Ninayo."

"Lete."

Nilizirudia hatua arobaini, nikaleta tindo na nyundo. Yeye alikuwa amekwisha kuweka juu ya meza ubao wake wa kukatia nyama, ule mnene wa tangu kazini, na juu yake sarafu. Akashika tindo kwa vidole vyake vitatu, akainua nyundo, kikohozi kikamshika, akaukumbatia mto akawa mweupe. Nikasubiri. Kilipokwisha akanisukumia nyundo.

"Wewe uliyefuta."

Fundi wangu alinikataza vitu vingi, na cha kwanza ni kutia chuma kwenye uso uliochorwa. Lakini njia niliijua. Hakuna mtu duniani aliyeujua ule mkato kuliko mimi, maana niliufunga nywele kwa nywele: pale ulipoanza kwa hasira, pale mkono wa yule baba ulipotetemeka karibu na shavu, pale ulipokazana tena kumalizia mdomoni. Nikaweka tindo sikioni pa mwinyi.

Nilipiga mara tatu. Fedha ikafunguka palepale, kama ilikuwa inangoja.

Kisha nikapiga mara moja zaidi, na hiyo niliipeleka jichoni.

Nikaiweka nyundo mezani. Jirani akaivuta sarafu karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba, kutoka sikioni mpaka mdomoni. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu kidole kikapanda, kikafika pale juu.

"Mkato wetu haukufika jichoni," alisema.

"Huo wa jichoni si wenu."

Alinitazama kwa muda, mtu aliyechinja miaka thelathini. Hakuniuliza ni wa nani. Aliifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa shati, upande wa mshono.

Mdogo wake hajaja, na sijui kama atakuja. Jirani hajamwita. Dirisha la nyuma ameliziba kwa mbao na hajalitia kioo.

Jana binti yangu alikishusha kile kikopo kutoka juu ya friji, akakiweka mbele ya chai yangu, akasema, "Baba, jaribu tu, ni dakika moja." Nikamwambia akirudishe. Jirani, ambaye alikuwa ameketi palepale mezani anapigana na kahawa ya tangawizi, aliuliza ni nini. Nikamweleza. Akainama akalitazama lile jino ndani ya kikopo, akalisifu kwamba limefanana sana na wenziwe.

Kisha akaniambia siku nitakayolivaa atakuja yeye mwenyewe na koleo.